Nyumba Tupu ya Mama Godelieve

Wazungu wa televisheni walipotuma habari kwamba watapiga filamu nyumbani kwake, Godelieve alihangaika kama anayeoza binti. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Kampuni ya shaba ilikuwa hoi, mishahara imegeuka hadithi, na mumewe Mukalay, karani wa stoo, alikuwa amepata kibarua cha kuwatafsiria wageni hao kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa hakijachakaa. Filamu, alimweleza mkewe, ilihusu maisha ya familia za wafanyakazi.

Basi Godelieve akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa Kolwezi, angefanya akipata habari za picha: akaazima. Kapata hupigwi picha na kiti kimoja. Alipita mlango kwa mlango akakusanya makochi mawili, saa ya ukutani, redio isiyo na betri na vitambaa vya kufuma vya kufunikia kila kitu. Kizuri kuliko vyote kilitoka nyumba ya jirani, kwa Odile Kazadi. Kilikuwa cherehani ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu, iliyowalisha watoto wanne tangu baba yao afariki.

Odile aliitoa bila kusita. "Uibebe tu, mama Godelieve. Kesho itakuwa ya bale bantu ba ku baryeri."

Alisema kweli. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa Kolwezi, hata waliozaliwa Kapata kama Odile, na vijana walioweka kizuizi, hiyo baryeri, kwenye njia ya stesheni walikuwa wameapa kwamba Mkasai atapita na kifurushi cha nguo, basi. Odile aliamriwa kuondoka kesho yake kabla ya saa sita. Huko Kasai hakumjua mtu. Bila cherehani wale watoto wangekula nini? Godelieve aliibeba huku moyo unamuuma, na aibu juu yake, maana yeye alikuwa mtu wa Katanga na hakuna aliyemgusa.

Asubuhi Yves, mkubwa wa wapiga filamu, alifika mlangoni na uso ukamshuka. Makochi! Saa ya ukutani! Na mwenye nyumba kavaa kitenge chake cha harusi! Akamvuta Mukalay pembeni, akanong'ona kwa muda mrefu.

"Anasema nini?" Godelieve akauliza.

Mukalay alijikuna shingo. "Anasema nyumba iko muzuri mingi. Ye anatafuta bumasikini."

"Bumasikini tuko nabo. Tulibuficha tu, juu ya bageni."

"Anataka abuone. Bintu yote itoke."

Godelieve alikasirika kwelikweli. Siku nzima ya kubeba makochi kichwani, halafu mgeni anakataa kupokewa vizuri! Alishafungua mdomo amfukuze, mara macho yakaangukia cherehani, yakatoka dirishani, yakatua kwenye kamiyoneti, gari la mizigo la wazungu, lenye karatasi ya ruhusa ya kupita popote na mhuri mkubwa kwenye kioo. Akafunga mdomo. Akamtabasamia Yves kwa meno yote.

"Umuambie sawa. Lakini bintu haiwezi kubakia mu lupango, hapa inje, filme itaiona mu dirisha. Aipeleke ku stesheni na kamiyoneti yake. Kule kuko mutu wa kuichunga."

Mukalay akaelewa. "Mama, utatuua."

"Utafsiri."

Akatafsiri.

Majirani wakaja kuchukua makochi yao, na cherehani ikapandishwa garini. Wakati huo Odile alishatangulia stesheni kwa miguu, na watoto wake na kifurushi cha nguo, kama alivyoamriwa. Godelieve akapitia mlango wa nyuma, akaingia nyumba ya Odile, akarudi na godoro. Akarudi tena na sufuria. Akarudi na sufuria nyingine.

"Mwanamke mmoja ana sufuria kumi na nne?" Yves aliuliza.

"Za bibi yake, monsieur," Mukalay akajibu bila kumtazama. "Na za bibi wa bibi yake."

Yves aliogopa kupoteza mwanga mzuri wa asubuhi. Akashika mwenyewe upande mmoja wa kitanda cha Odile, akakisukuma garini, akajibana kidole. Godelieve alimpa pole nyingi sana.

Wakapanda wote garini, Yves na mpiga picha wake, Mukalay na Godelieve. Kwenye kizuizi, mkubwa wa vijana aliweka mkono juu ya cherehani. "Hii bintu ni ya nani?"

Yves alikuwa amechoka na vitanda, na kidole kilimuuma. "Ni vyangu!" alifoka kwa Kifaransa, akitikisa karatasi. "Vyote ni vyangu! Ni vya filamu!"

Kijana alitazama mhuri. Akatazama mzungu mwenye sufuria kumi na nne. "Bazungu beko na mambo," alisema, akainua mti uliofunga njia.

Stesheni kulikuwa na mamia ya watu, wengine wakingoja treni kwa wiki nzima, wamekaa juu ya mizigo au juu ya udongo mtupu. Odile alipoona cherehani inashushwa alijiziba mdomo, kisha akaikumbatia akilia. Yves alimtazama. Akamtazama Godelieve. Akamtazama Mukalay, ambaye alikuwa anakagua viatu vyake. Godelieve alingoja matusi. Hayakuja. Yves alimwita mpiga picha wake alete kamera.

Odile, mtu wa Kapata, alipoiona kamera alifuta machozi, akafunga kitambaa chake upya, akaivuta cherehani mbele, akamwita jirani yake. "Mama Godelieve, kuya. Tupige foto."

Vijana wawili wa kizuizini walikuwa wamefuata gari, wamesimama karibu na reli, wanaangalia. Mukalay alimtikisia mkewe kichwa: usiende. Godelieve aliogopa. Akaenda, akakaa chini bega kwa bega na Odile.

Yves akauliza kitu. "Anauliza," Mukalay alisema kwa sauti ndogo, "huyu ni nani kwako?"

Tangu asubuhi Godelieve alikuwa amedanganya kwa raha zake. Sasa angesema jirani, ingetosha. Akainua sauti, hata wale wa kwenye reli wasikie.

"Ni mudogo yangu. Banamufukuza hapa ku kwetu."

Mukalay akawatazama wale vijana. Halafu akatafsiri, neno kwa neno, kwa sauti kubwa kama ya mkewe.