Wosia wa Yuda Aliyevaa Shati la Adauto

Uvumi ulimfikia Dona Zulmira siku ya Jumatano, akiwa anakaanga unga wa muhogo: Yuda wa mwaka huu atavalishwa shati la mwanawe Adauto. Aliufukuza, ukarudi. Akienda kisimani, upo. Akisali, upo. Ijumaa akatazama kamba ya nguo. Shati la Adauto la mistari ya kijani halikuwepo.

Pale kijijini Lagoa do Umbuzeiro, kila Jumamosi Kuu watu hushona Yuda wa nyasi kavu, wakamvika nguo ya mtu wanayemchukia, wakamfunga kwenye mlingoti mbele ya kanisa. Wosia wake husomwa kwa kejeli. Halafu Yuda huulizwa kwa nini alimsaliti Bwana, naye hujibu. Mwaka juzi alisema ni wivu. Mwaka jana alisema alitaka kumharakisha Bwana ashike ufalme. Wakishamsikiliza humpiga hadi atawanyike. Akirefusha maneno watu hununa, kwa sababu chakula kinapoa.

Kwaresima hii Firmino, aliyewafundisha wakulima kusoma hati za mashamba yao, alichukuliwa na askari akiwa amelala kwa shangazi yake. Hajaonekana tena.

Jumamosi kinyozi Gumercindo alisoma wosia. "Kofia yangu namwachia mke wa mwokaji mikate, afunike mdomo."

"Na wewe akuachie sabuni," mke wa mwokaji akamjibu, watu wakacheka.

"Haya, mnafiki," kinyozi akamgeukia Yuda. "Kwa nini ulimuuza?"

Yuda akainua kichwa. Sauti ilikuwa ya Adauto.

"Seu Evaristo aliniuliza Firmino analala wapi. Alisema anataka kuongea naye tu. Alinikalisha kwenye kiti cha sebuleni kwake. Hakuna mtu mkubwa aliyewahi kunikalisha."

Evaristo, ambaye watu humwita Seu kwa heshima, mwenye ardhi yote hadi mtoni, alikuwa hapo hapo. Pombe ya siku hiyo alitoa yeye, na nyasi pia. Watu walimtazama kidogo. Akavua kofia, akawasalimu, nao wakaitikia.

"Jamani, si mmesikia?" Zulmira akasema.

"Tumesikia, Dona Zulmira," akajibu shangazi yake Firmino, fimbo mkononi. "Sogea, nisije nikakutwanga wewe."

Yuda alipigwa kuliko miaka yote. Shati lilibaki kola tu.

Nyumbani Adauto alikuwa mezani, kifua wazi. Alipokohoa zilimtoka nyasi. Zulmira akazifagia, akampakulia maharage. Alikula vijiko viwili, akasema ameshiba.

Ninyi wenye watoto, shikeni haya:

Usianike shati nje Juma Kuu.

Usimtume mwanao kwenye nyumba kubwa ya mwenye ardhi, hata kurudisha sufuria.

Akikaribishwa kiti huko, aseme amezoea kusimama.

Akiulizwa fulani analala wapi, asijibu, hata akiambiwa ni maongezi tu.

Usingoje watu waone nani aliyeuliza. Wataona, na watakunywa pombe yake.

Na mtoto akisharudi akiwa hivyo, usimkalishe karibu na jiko.