Ushuhuda Sebuleni kwa Dada Beckstead

Mkamwana wangu Tressa alipojifungua mtoto wa pili, akina mama wa kata yetu ya kanisa walileta chakula wiki mbili mfululizo. Ndiyo desturi ya mji wetu wa Payson. Ukizaa, ukifiwa, ukivunjika nyonga, mlango unagongwa saa kumi na moja jioni na mtu anakukabidhi bakuli la viazi vya jibini, bado la moto, pamoja na jeli ya kijani yenye karoti ndani. Ukiuliza karoti zinatafuta nini kwenye jeli, utaonekana huna shukrani.

Dada Shaunalee Beckstead alileta mara tano, na kila mara kando ya bakuli palikuwa na kichupa. Kidogo, cha rangi ya kahawia, kizibo cheusi. Cha kwanza kiliandikwa Utulivu. Cha pili, Furaha Tele. Cha tatu kiliitwa Mama Shujaa. Nilikinusa: mafuta ya machungwa, ubani, na kitu kama sabuni ya hotelini.

Sina ugomvi na harufu nzuri. Mimi mwenyewe nanyunyizia lavenda kwenye foronya tangu mume wangu yu hai. Nikilala, vizuri. Nisipolala, angalau nakesha nikinukia. Lakini Dada Beckstead hakuishia kwenye foronya. Alikuwa na karatasi ngumu iliyochapwa rangi, maradhi upande huu, vichupa upande ule, na hakuna ugonjwa uliokosa kichupa. Kuumwa na nyuki, mnanaa. Mtoto mkaidi, ndimu. Mume asiyezungumza, mdalasini nyuma ya masikio, yake au yako, karatasi haikusema.

Basi Tressa alikuwa anaumwa kweli. Alikuwa akikaa kwenye ukingo wa bafu, bomba limefunguliwa, ili asisikie mtoto akilia. Daktari alisema ni sonona ya uzazi, akampa vidonge, kimoja kila asubuhi. Wiki ya sita nilimsikia akicheka peke yake jikoni, mkate umeungua, nikashukuru Mungu kwa ule mkate.

Halafu akaanza kurudi nyuma. Mwanangu Trent yuko Wyoming kwenye visima vya gesi, hurudi kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo mwenye macho nilikuwa mimi. Nikaona nguo zimelala mbichi kwenye mashine siku tatu. Nikaona mtoto amevaa soksi mguu mmoja tu. Nikamsikia Tressa akijigonga kwenye kiti, akakiomba kiti msamaha.

Jumanne nilifungua kile kisanduku chake cha vidonge, chenye vifuniko saba vya siku saba. Vidonge vyote saba vilikuwa ndani.

"Tressa, mwanangu, hivi ni vya nini?"

"Usinikasirikie, Mama."

"Sijakasirika. Nauliza."

"Dada Beckstead anasema mwili ukipewa vitu viwili unachanganyikiwa. Eti haujui umsikilize nani."

"Mwili wako umepewa viazi na jeli kwa pamoja na haukuchanganyikiwa."

Hakucheka. Akaniambia yote. Alhamisi kuna mkutano kwa Dada Beckstead. Mkubwa wake anakuja kutoka Lehi, Dada Kaylene Roundy, ambaye kwenye kampuni yao ya kuuza mafuta hayo ana cheo cha Almasi. Dada Beckstead yuko hatua moja nyuma yake, na anahitaji mama aliyepona.

"Nimeahidi kutoa ushuhuda kwamba nimetumia mafuta peke yake," Tressa akasema.

"Basi meza kidonge sasa hivi, ukashuhudie harufu. Sema nyumba inanukia. Huo si uongo."

"Siwezi kusimama nishuhudie uongo, Mama. Alhamisi ikipita nitaanza tena."

Nisipomsifu kwa hilo nitakuwa sina haki. Kwetu Jumapili ya kwanza ya mwezi watu hufunga kula, halafu husimama mmoja mmoja kanisani kusema wanachokijua moyoni, na mtoto wa kwetu hufundishwa mapema kwamba pale hapachezewi. Sasa msichana huyu, kwa kuogopa kudanganya mbele ya watu wanaouza mafuta ya machungwa, alikuwa anajinyima dawa.

"Hebu mkatalie basi huyo mama," nikamwambia.

"Alileta chakula mara tano, Mama. Mara tano!"

Nilimbembeleza Jumanne nzima na Jumatano. Alhamisi saa nne asubuhi nikavaa viatu vyangu vya kanisani nikaenda naye. Watoto wote wawili tuliwaacha kwa dada yake Tressa.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Vijungu vitatu vya umeme vya kufukizia mafuta vilikuwa vinafuka mvuke juu ya piano, kwenye dirisha, na chooni. Dada Verlene Stubbs, rika langu, alipiga chafya sita mfululizo.

"Hiyo ni sumu inatoka, mpenzi," Dada Roundy akamwambia. Alikuwa amevaa suti nyeupe, na meno ya suti ileile.

"Sumu gani tena? Nilikuja mzima," Dada Stubbs akanong'ona kwangu.

Kisha ukaanza ushuhuda. Nilidhani ningesikia habari za mafuta, kumbe ni Jumapili ya kwanza tupu! Walisimama vilevile. Walilia mahali palepale, baada ya neno la tatu. Boksi la karatasi laini likapita mikononi kama kanisani. Mmoja akasema anajua, kwa kila chembe ya mwili wake, kwamba mchaichai ni wa kweli. Mwingine alikuwa na hasira miaka kumi na miwili, akapaka kitu kwenye nyayo, hasira ikashuka ikatokea huko huko chini.

"Na sasa," Dada Beckstead akasema, mkono kifuani, "kuna mama kijana hapa..."

Tressa akaanza kuinuka, nikamshika bega. Nikasimama mimi.

"Nami ningependa kushuhudia," nikasema.

Hapo ndipo walipokosea, kuiga kanisa kwa kila kitu. Maana kwetu mtu akishasimama kushuhudia hakatizwi. Ndugu Thayne hutueleza habari za trekta lake kila mwezi, dakika ishirini, na askofu anakaa kimya ameshika magoti.

Nikawaambia. Nilipomzaa Trent, nilichukua ufunguo wa gari nikaendesha mpaka kwenye mfereji, pale maji yanapokimbia, nikakaa saa mbili nikiyatazama. Nilikuwa nimefunga mkanda wa gari. Mpaka leo sijui mtu aliyechoka kuishi anafunga mkanda wa nini.

"Asante sana, Dada Oldroyd," Dada Beckstead akaanza, "ila muda wetu..."

"Mwache amalize!" Dada Stubbs akamkemea. "Huoni anashuhudia?"

Nikaendelea. Dada wa kata wakaniletea jamu ya aprikoti na kuniambia nihesabu baraka. Nilizihesabu, zikawa nyingi, nikazidi kujiona mchafu. Kilichoniinua ni daktari mmoja mzee wa Provo na kidonge. Nilikimeza miezi kumi kwa siri, nimekificha kwenye kopo la shayiri, kwa sababu niliona aibu mbele yenu.

"Na mimi nilidhani ni jamu yangu," Dada Stubbs akasema.

"Jamu ilikuwa tamu, Verlene."

"Miaka yote hii najisifia ile jamu!"

Wengine wakacheka. Dada Roundy hakucheka. Alisubiri nikae, akamgeukia Tressa kwa sauti ya asali.

"Tuambie wewe, mpenzi. Mafuta yamekufanyia nini?"

Tressa akasimama. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Nyumba inanukia," akasema. "Mimi sijapona. Nimeacha dawa, leo siku ya tisa, na nimezidiwa."



"Kuzidiwa ni dalili nzuri," Dada Roundy akasema. "Ni sumu inatoka."

"Basi iliyobaki nitaitoa kwa daktari," Tressa akasema, akachukua mkoba wake.

Dada Beckstead alitufuata mpaka mlangoni. Nilitegemea maneno makali, lakini akamshika Tressa mkono. "Nilitaka kukusaidia, Tressa. Kweli nilitaka." Nadhani kweli alitaka. Alitaka na ile Almasi pia, na hajawahi kukaa akatenganisha matakwa ya moyo wake na ya cheo.

Kwenye gari Tressa alipiga simu kliniki. Mimi naendesha, yeye anajibu maswali. Siku tisa. Ndiyo, nanyonyesha. Hapana, silali. Halafu akanitazama, akasema kwenye simu, "Jana, ndiyo. Niliwaza hivyo jana, kujidhuru."

Nilikuwa nimeshawasha taa ya kukatia nyumbani. Nikaizima, nikakata upande wa kliniki.

Muuguzi alipotufungulia mlango alirudi nyuma hatua moja kwa ile harufu tuliyobeba, machungwa na ubani wa watu kumi na mmoja.

"Mgonjwa ni nani kati yenu?" akauliza.

Tressa akanyoosha mkono.