Misukumo Ishirini na Mitatu

Mwezi Machi 1999 Ulaya ililifunga soko lake kwa samaki wa ziwani kwetu, kwa habari za sumu majini. Kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi karibu na Port Bell kikabaki na vyumba vitatu vya baridi visivyo na hata sangara mmoja. Wakata minofu walirudishwa nyumbani. Mimi, fundi wa mitambo ya baridi, nilibakishwa pamoja na mlinzi, kwa sababu mtambo ukizimwa wote kwa muda mrefu sili zake, ile mipira ya kuziba viungo, hukauka na gesi huvuja.

Katikati ya Aprili, Odera alikuja langoni. Odera ni Mkenya mwenzangu, mpiga picha za video za harusi, mwenye kibanda jirani na soko la Nakawa. Alikuwa na mtu mrefu aliyechechemea kidogo, amebeba mfuko ambao ungeweza kumtosha mbuzi mzima.

"Fundi Sifuna, nimekuletea mteja. Anataka barafu."

"Ya soda au ya samaki?"

"Ya kusimama juu yake," akasema yule mrefu.

Jina lake lilikuwa Oola. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha miaka ya zamani, na alikitamka kama mtu anayetoa vyombo kabatini vilivyokaa bila kutumika. Baba yake, Olweny, alikuwa fundi wa ndege wa jeshi. Alipelekwa Chekoslovakia kusoma mwaka 1969, akiwa na mke na mtoto mchanga, na mapinduzi ya 1971 yakamkuta huko, akashindwa kurudi. Alirudi Uganda mwaka 1980 pamoja na mkewe, Rosalba. Mtoto aliachwa katika shule ya michezo, maana walimu wake walisema kipa wa aina ile hapatikani kila mwaka. Tangu akiwa na miaka kumi na tisa hadi ishirini na tisa, Oola alikuwa akilipwa kusimama mbele ya goli la hoki ya barafu, kuzuia kisahani kigumu cha mpira kinachokuja kwa mwendo wa gari la barabara kuu.

Novemba iliyopita goti la kushoto lilikatika nyuzi. Likafanyiwa upasuaji. Januari mkataba ukaisha, na kibali chake cha kuishi kilikuwa kimefungwa kwenye mkataba. Akarudi kwa mama yake Nakawa, katika nchi aliyoiacha akiwa na miezi minne.

Alinionyesha faksi. Klabu moja ya daraja la pili huko Slovakia ilikuwa tayari kumfikiria, kwa masharti matatu. Atume kanda ya video inayomwonyesha juu ya barafu, akisukuma kutoka magotini kwenda pande zote mbili, bila kukatwa. Aambatanishe barua ya shahidi mwenye kazi inayojulikana. Kanda ifike kabla ya Aprili kwisha. Klabu nyingine kumi na moja hazikumjibu.

"Na wasipokuchukua?" nikamuuliza.

"Bila mkataba hakuna viza. Bila viza hakuna barafu. Najua kazi moja tu, bwana."

Meneja alikubali kwa sharti moja: chumba namba mbili kingezimwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, kama ilivyopangwa, ili kupunguza umeme. Hiyo ilitupa siku tatu.

Nilitaka kumwaga maji yote kwa mpigo mmoja. Oola alinizuia. Barafu ya kuteleza hujengwa kwa tabaka, kila moja nyembamba kama kadi, kwa maji yaliyochemshwa ili hewa itoke. Ukimwaga kwa pupa, ya juu huganda kwanza, ya chini husukuma, sakafu yote ikapasuka. Tulimwaga tabaka kumi na nne. Kipimo cha ukutani kilisoma nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Eneo lilikuwa mita tisa kwa sita.

Ijumaa saa nne asubuhi alivaa viatu vyake vya kutelezea vyenye makali ya chuma, ngao za miguuni, kofia yenye nyavu. Mlinzi wetu, Oryem, alijitokeza mlangoni na blanketi.

"Huyu anaenda vita gani?" akauliza. "Wenzake wako wapi?"

"Wenzake wako Ulaya," Odera akamjibu. "Wewe piga makofi, picha ichangamke."

Oola alifanya kazi kwa dakika ishirini. Alianguka magotini, akainua goti moja, akasukuma, akateleza hadi upande wa pili, akarudi. Mimi nilishughulika na mtambo, sikuangalia sana. Alitoka akitoa mvuke kama sufuria. Alikuwa akitabasamu.

Saa saba tuliitazama kanda kibandani kwa Odera. Ilianza na bango la kiwanda. Kisha uso wa Oola nyuma ya nyavu. Kisha uso wangu, nikisoma kipimo. Kisha Oryem akipiga makofi. Kila Oola alipoanguka magotini, kamera ilipanda na kumsogelea usoni, polepole, kama bibi harusi anapolia akimuaga mama yake. Kwa dakika ishirini hakukuwa na goti hata moja.

"Miguu iko wapi?" Oola akauliza.

"Miguu ya nini?" Odera alishangaa kwa dhati. "Miaka kumi na miwili niko kazini, hakuna mtu alinilipa nipige miguu. Ukipiga miguu kwenye harusi, wajomba wanakunyang'anya kamera. Lakini uso umetoka vizuri. Angalia hilo jasho!"

Oola aliweka kiganja juu ya runinga, akakiacha hapo. Nilitazama saa. Zilibaki saa tano kasoro dakika ishirini kabla ya chumba kuzimwa.

Tuliporudi kiwandani goti lilikuwa limevimba. Alilifunga bendeji juu ya suruali. Odera safari hii alilala kifudifudi kwenye gunia, kamera ikiwa kimo cha shubiri moja kutoka kwenye barafu, nami nikasimama nyuma yake kuhesabu, maana mimi ndiye niliyetakiwa kuwa shahidi.

Mguu wa kulia haukuwa na shida. Kwa wa kushoto nilihesabu misukumo ishirini na mitatu. Sita ya kwanza ilikuwa safi. Wa saba, goti liliingia ndani, kama bawaba iliyolegea, na Oola akaanguka kwa ubavu. Aliinuka. Wa nane safi, wa tisa safi, wa kumi likaingia. Hakusimama, wala hakuangalia kamera. Baada ya wa kumi na tano alianza kutoa sauti kila aliposukuma, na alipomaliza alishika ukuta wa chuma kwa mkono mtupu, ngozi ikabaki imeganda hapo.

"Ngapi?" akaniuliza.

"Safi ni kumi na minne kwa ishirini na mitatu."

"Odera, unaweza kukata?"

"Kukata ndiyo kazi yangu. Naondoa yote mabaya, katikati naweka yale maua ya kanda za harusi yanayofunguka. Hakuna atakayejua."

"Bila maua."

"Basi bila maua. Lakini maua ni ya bure."

Saa kumi na mbili nilikizima chumba. Tulikwenda nyumbani kwa Mama Rosalba, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Kampuni ya vifurushi ilikuwa inafunga saa moja na nusu. Nilikuwa nimebeba karatasi yenye jina la kiwanda na muhuri kutoka ofisini, kwa idhini ya meneja.

Oola aliniambia niandike kwamba nimeona misukumo mizuri upande wa kushoto, na kwamba kanda haikukatwa. Nikamwambia la kwanza ni kweli kwa sehemu, la pili litakuwa uongo Odera akishika mkasi.

"Bwana Sifuna, hili ni goti langu. Likivunjika, litavunjika kwangu."

"Litavunjika mbele ya macho yao, wiki ya kwanza. Watakurudisha."

"Wiki ya kwanza nitakuwa na viza."

Mama Rosalba alikuwa amesimama karibu na jiko. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mjane tangu mwaka uliotangulia. Alifuta mikono kwa kanga, akasogea, akapiga magoti mbele yangu. Wanawake wa huku hupiga magoti wakisalimu, nimezoea. Lakini hakuwa akisalimu, na mimi ni mdogo kuliko mwanawe.

"Mama, inuka."

"Siinuki. Fundi, mwanangu, sikiliza mimi. Huyu hapa iko kama mtu amekufa. Asubuhi anakaa pale, jioni iko pale pale. Mimi nilimuacha kule iko na miaka kumi na moja, sikumulea. Wewe weka muhuri tu. Karatasi ya muhuri hakuna mtu anakataa. Hata chairman wa mtaa nilimuomba, akasema yeye hajui hiyo mchezo."

Niliandika kwa Kiingereza, juu ya meza ya kulia, naye akiwa bado magotini. Niliandika tarehe, mahali, joto la chumba, unene wa barafu. Niliandika kwamba upande wa kulia haukukosea. Niliandika kwamba upande wa kushoto ulisukuma mara ishirini na tatu, na goti likashika mara kumi na nne. Nikasaini, nikapiga muhuri.

Oola aliisoma mara mbili. Odera alinyoosha shingo, akasoma juu ya bega lake.

"Kwa mitambo yako," Oola akasema, "kumi na minne kwa ishirini na mitatu ni kitu gani?"

"Mtambo wa hivyo tunauzima. Tunaagiza mwingine."

Alikaa na barua mkononi. Kisha akasema, kama anayejifanyia hesabu: wakipata iliyokatwa bila shahidi, hawataitazama kabisa. Wakipata hii, wataitazama hadi msukumo wa saba. Akaiweka kanda nzima ndani ya bahasha, na barua juu yake, akaandika anwani kwa herufi zenye alama juu ambazo sisi hatuzijui. Akatoka na Odera kuwahi kampuni ya vifurushi. Nilisikia mguu ukiburuzwa kwenye changarawe.

Mama Rosalba alishika ukingo wa meza akainuka. Kiingereza alikuwa hakijui. Lakini muhuri aliuona, wa rangi ya zambarau, wenye picha ya samaki katikati.

"Asante, mwanangu," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu aone wewe. Sasa watamuchukua."

Nikamwambia si kitu. Akanishukuru tena, akaenda kuniwekea chai.