Kisunzi Kwenye Sijda

Tangu mwezi wa mfungo sita, Mwanamkasi wa Likoni akisujudu tu, dunia inazunguka. Anasimama salama, anarukuu salama, lakini paji la uso likigusa mkeka nyumba nzima inapinduka.

Siku moja alianguka ubavu mbele ya wifi yake, Mwanasaumu, naye akakata shauri papo hapo. Kisunzi kinachomvizia mtu kwenye sala, alisema, si maradhi. Ni pepo asiyetaka kusikia jina la Mungu. Akaenda kwa fundi wa ngoma za pepo, na siku ya kumpunga ikapangwa.

Ngoma haikumsumbua Mwanamkasi. Kilichomla moyo ni kule kufikiri kwamba labda kweli Mola amelikataa paji lake. Aliomba huku akilia. Lakini alikuwa mtu wa kudadisi, na hata katika kilio akaanza kujichunguza. Akaona kisunzi humjia pia akilala ubavu wa kulia, kama alivyofunzwa chuo cha Kurani. Akigeukia kushoto, hakuna kitu. Humjia akiinua uso kuanika nguo. Sasa pepo anayechukia sala ana ugomvi gani na kanga mbichi? Swali hilo ndilo lililompeleka hospitali, ng'ambo ya kivuko.

Kwenye feri alishika chuma kwa mikono miwili, akingojea kisunzi. Feri ikayumba, bwana mmoja jirani yake akatapika, yeye wala. Hilo nalo akaliweka akilini.

Daktari, Mhindi wa makamo mwenye Kiswahili cha mjini, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamketisha kitandani, akamgeuza kichwa kulia, akamwambia asifumbe macho, kisha akamlaza kwa haraka, kichwa kikining'inia ukingoni. Kwanza kimya. Halafu dari ikaanza kukimbia. Mwanamkasi akang'ang'ania mkono wa daktari, akimtaja Mola, mpaka kisunzi kikatulia chenyewe.

Akalazwa upande wa kushoto: shwari. Ndipo yeye mwenyewe akaomba arudishwe kulia, aone. Kikaja tena, safari hii hafifu.

"Ndani ya sikio, mama, kuna kitu kidogo kinachokujulisha umesimama ama umelala," daktari alisema. "Chako cha kulia kinakudanganya kichwa kikibadili mlalo. Sina kidonge cha kuponya kisunzi hiki, lakini kwa wengi huisha chenyewe."

"Kwa hivyo si sala?"

"Sikio halijui kama unasali ama unafua. Sujudu polepole. Kikija, ngoja kipite."

Nyumbani alimkuta Mwanasaumu akipepeta mchele wa ngoma. Wifi alimcheka yeye na daktari wake. Mwanamkasi hakubishana. Alijilaza kitandani, kichwa kulia, akamwambia amtazame macho. Mwanasaumu akainama, akaona mboni zikichezacheza, akaruka nyuma. Mwanamkasi akageukia kushoto, na macho yakatulia.

"Wifi, ni pepo gani huyo wa upande mmoja?"

Mwanasaumu akauweka ungo chini.

"Hebu geuka tena kulia," alisema.

Alasiri hiyo wifi alipotoka kwenda kumwambia fundi asije, Mwanamkasi alitandika mkeka. Alishuka polepole. Kisunzi kikaja, mkeka ukamkimbia chini ya uso. Akatulia, akangoja, kikapita. Naye hakuinuka upesi. Alikuwa na mengi ya kumwambia Mola wake, na paji la uso lilikuwa limefika.