Mgeni Rasmi wa Saa Tisa

Alhamisi jioni mshereheshaji alisimama katikati ya sebule yake, kijiko cha chai mkononi kikiwa ndiyo maikrofoni, akaanza kutangaza sherehe ya binti yake kutimiza mwaka mmoja. Wasikilizaji walikuwa wawili tu, mke wake na mama mkwe wake, lakini alipaza sauti kana kwamba amejaza ukumbi. Ndiyo kazi yake, afanyeje? Siku za katikati ya wiki yuko kwenye vikao vya harusi za watu, Jumamosi yuko kwenye harusi zenyewe, na Jumapili analala fofofo kwa uchovu. Mji mzima unamwita Shangwe.

"Jumapili hii, saa tisa kamili, muziki unazimwa!" alitangaza. "Wageni wote wanasimama! Mlango unafunguliwa, na mgeni rasmi anaingia akiwa amebebwa na nani?"

"Na mama yake," alijibu mama mkwe, bila kuinua macho kwenye nepi alizokuwa akikunja.

"Na baba yake, Mama! Na baba yake!"

Mtoto mwenyewe, ambaye kwa mashavu yale asingeweza kuitwa kitu kingine ila Kibonge, alikuwa haogopi mtu. Alikwenda kwa jirani, kwa muuza maziwa, hata kwa fundi bomba aliyekuja mara moja kuzibua sinki. Kwa baba yake alitulia kidogo tu, kisha mdomo ukapinda, na kilio chake usiombe ukisikie. Shangwe alikuwa radhi kutoa chochote ili mtoto huyu aingie kwenye sherehe yake mikononi mwake, bila chozi, watu wote wakiona. Keki na maputo vilikuwa mbwembwe tu. Alichokitaka hasa kilikuwa hicho.

"Baba Kibonge," mke wake alisema kwa upole, "saa tisa mtoto huwa amelala."

"Tangu lini?"

Mke na mama mkwe wakatazamana.

"Tangu alipoanza kukaa," mama mkwe alisema. "Saa hizo wewe uko na maharusi, mwanangu. Ungejuaje?"

Shangwe alijua kila bibi harusi wa mji ule alitaka kuingia ukumbini saa ngapi, na nani, akikanyaga zulia la rangi gani. Hakujua binti yake analala saa ngapi. Alikaa chini na kijiko chake, na aibu ikamkaa usoni waziwazi.

"Basi tusogeze mbele, iwe saa kumi."

"Akiamka saa kumi hataki mtu ila mimi," mke wake alisema.

"Asubuhi je?"

"Na wageni wako wa mbali, uliokwisha kuwaambia saa tisa?" Mke wake alicheka, lakini hakumcheka. "Sikiliza. Kesho huna kikao. Mlaze wewe, mwenzangu. Labda mtazoeana."

Ijumaa mchana mke akaenda kwa mwoka keki, na mama mkwe akaenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni la sherehe. Hakuna asiyeona kwamba safari moja ingetosha kwa yote mawili. Waliondoka haraka haraka, na kicheko chao kilisikika mpaka nje ya geti.

Shangwe alianza na anachokijua. "Haya haya haya! Makofi kwa Kibonge!"

Kibonge alitoa macho, mdomo ukapinda, na kilio kikaanza. Baba akamwimbia, kikazidi. Akamrusha juu kidogo, ndiyo kabisa. Akatembea naye kutoka kitandani hadi dirishani, dirishani hadi jikoni, jasho likimtoka, mpaka sauti ile inayomlisha ikamkauka kooni.

"Mabibi na mabwana," alisema kwa mnong'ono, kwa kuwa ndio uliobaki, "tunaomba utulivu. Mgeni rasmi amechoka."

Kilio kikakatika. Kibonge alimtazama, akaweka kiganja chake kilicholowa juu ya midomo ya baba yake, kusikia ule upepo wa pumzi. Shangwe hakuthubutu kukitoa. Akaendelea kunong'ona, akalikaribisha sufuria, akaishukuru familia ya viti kwa kufika kwa wingi. Alipofika kwenye ndoo, kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala begani mwake. Furaha ilimjaa hadi moyo ukamdunda, akaogopa mdundo huo utamwamsha.

Mara gari likapiga breki nje. Alikuwa rafiki yake wa kazini, fundi muziki, na spika za sherehe, kubwa kama makabati.

"Shangweee! Tunashusha wapi?"

Shangwe alimfikia kwa kunyata, kidole mdomoni. "Rudisha."

"Umeugua? Mbona huna sauti?"

"Rudisha yote, lete kamoja kadogo. Jumapili saa tisa mgeni rasmi anaingia amelala, hapa hapa begani."

"Sherehe ya Shangwe bila spika? Watu watasema!"

"Waseme. Ila wanong'one."

Gari lilikuwa limeshaondoka wanawake waliporudi. Komeo la geti lililia, na Kibonge akafumbua macho. Mama yake alinyoosha mikono kama siku zote. "Njoo, mama, njoo!" Shangwe naye, kwa mazoea, akaanza kumbandua begani ili amkabidhi kabla ya kilio.

Mtoto alimtazama mama yake, akamchekea. Kisha akashika kola ya shati la baba yake kwa ngumi, akarudisha kichwa begani, akashusha pumzi.

Mke akabaki na mikono hewani. Mama mkwe akadondosha mfuko wa gauni, akafungua mdomo kupiga kigelegele, na Shangwe akamwinulia mkono upesi.

"Taratibu, Mama," alinong'ona, machozi yakimteremka mashavuni. "Asije akashtuka, akabadili mawazo."