Mama Mkubwa Mwenye Minibasi

Chai ilikuwa mbele ya Suwondo, na kuigusa hakuweza. Huko vijijini Klaten mgeni hanywi mpaka mwenyeji amkaribishe, na shida iliyomleta mtu haitajwi kabla chai haijaonjwa. Mama yake mkubwa, Ngatinah, aliimimina, akafunika bilauri kwa kifuniko cha bati, akakaa zake. Neno la karibu hakulitoa.

Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa nne. Jumamosi dirisha la kodi za magari hufungwa saa sita, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kodi ya minibasi. Jumatatu kiwanda cha nguo kilitaka kuiona karatasi ya kodi ikiwa hai, la sivyo kazi ya kubeba wafanyakazi angepewa mshindani wake Paryoto, ambaye gari lake alikwisha kuliosha mpaka chini ya matairi.

Suwondo alikuwa na magari mawili. Gari dogo jeupe, saluni, liliandikwa kwa jina lake. Minibasi aliiandikisha kwa jina la mama mkubwa, maana gari la pili la mtu mmoja hutozwa kodi nzito zaidi. Ujanja huo ulikuwa mtamu, ila ulikuwa na mwiba: kila mwaka pale dirishani walitaka kitambulisho cha mwenye jina, chenyewe hasa. Basi kila mwaka alikuja na vibibi vya nazi, akakiazima, akakirudisha jioni, na mambo yakalala.

"Vibibi vya wapi hivi?" mama mkubwa aliuliza.

"Vya Solo, mama. Bado vya moto."

"Umetoka mbali. Lakini kwetu sisi wenye magari, Solo ni uani tu."

Suwondo alicheka kidogo. Mama mkubwa hakucheka.

"Mchele wa msaada mwezi huu sikupata," alisema, kama anayezungumzia mvua. "Wala mwezi uliopita. Nikamfuata yule kijana wa ofisi ya kijiji. Akatazama kompyuta yake, akaniambia, 'Bibi, mwenye minibasi naye anapanga foleni na maskini?' Nikamwambia, 'Mwanangu, mimi hata baiskeli ni ya marehemu.' Foleni nzima ikageuka. Sasa mtaani naitwa Bosi. Jana muuza tofu kaniomba lifti."

Mkono wa Suwondo ulisogea kwenye bilauri, ukarudi wenyewe.

"Mchele nitakuletea, mama. Gunia zima."

"Gunia huisha, Wondo. Jina langu litabaki barabarani linapiga honi."

Mshale wa saa ulisogea. Nje kuku alipita, akachungulia, akaenda zake. Yeye alikuwa na uhuru wa kuondoka.

"Yule kijana kanishauri niliuze gari," mama mkubwa aliendelea, akipangusa meza isiyo na vumbi. "Eti kwenye karatasi ni langu, nani atanizuia? Nasikia Paryoto anatafuta gari la pili."

Suwondo alimtazama usoni akitafuta utani. Utani ulikuwepo, lakini ulikuwa umekalia kitu kigumu. Ndipo alipoona kwamba mama mkubwa amevaa kebaya, ile blauzi yake ya harusini, na mkoba umo mapajani. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Kwenda wapi, hilo lilimtegemea Suwondo.

Akafikiria ada ya kubadili jina. Akafikiria kodi ile nzito, mwaka huu na kila mwaka. Akaziaga kimoyomoyo fedha alizoziweka kwa ajili ya matairi mapya ya saluni.

"Nitaliandika kwa jina langu, mama," alisema. "Leo hii. Twende wote."

"Karibu chai," alisema Ngatinah.

Aliinywa kwa pumzi moja. Ilikuwa baridi kama maji ya kisima.

Njiani mama mkubwa alikaa mbele ndani ya minibasi, mkoba kifuani. "Taratibu," alimwambia kwenye kila kona. "Ukilikwaruza utanilipa." Walipofika ofisi ya kodi, mkaguzi wa magari alikuwa anakunja karatasi zake. Suwondo alimbembeleza kwa vibibi vilivyobaki garini, naye akarudi kuangalia namba ya injini huku akitafuna. Dirishani walikuwa watu wa mwisho. Karani alishika kitambulisho, akamtazama bibi, akatazama saa.

"Bibi, gari hili unaliachia kwa hiari yako?"

Ngatinah aliligeukia gari pale nje, akalitazama kwa muda, kama mtu anayeuza ng'ombe wa maziwa.

"Naliachia," alisema mwishowe. "Lilikuwa linanilia mchele."

Muhuri ukapigwa, na pazia la dirisha likashuka papo hapo.

Suwondo alitoka na karatasi hai na pochi iliyokonda. Alimfungulia mama mkubwa mlango wa mbele, lakini yeye akaupita, akafungua wa nyuma, akajikunja ndani.

"Endesha, Wondo," alisema. "Sasa mimi ni abiria. Na nauli sina."