Nani Atamsimamia Bebe

Kwenye karatasi za serikali mtoto wetu ana mama mmoja, mwenzangu Argyro, aliyemzaa. Mimi Stamatia, niliyemshika mkono kliniki siku walipompandikizia mbegu, nikakata na kitovu, simo hata kwa mstari mmoja. Kesi yangu ya kumuasili inazungushwa tu mahakamani mjini Volos, hapa Ugiriki. Ndiyo maana suala la ubatizo lilinikosesha usingizi.

"Kuwa mama wa ubatizo," mama yangu aliniambia huku akikunja wali ndani ya majani ya mzabibu. "Utamshika, utampaka mafuta, utamtaja jina. Kijiji kizima kitajua ni wako."

"Na padri?"

"Mwambie wewe ni rafiki wa familia. Lefteris huyuhuyu nilimfukuza kwenye mtini wangu akiwa bado mtoto wa kaptura. Atakuhoji nini?"

Argyro hakuipenda hiyo. "Rafiki, Stamatia? Wewe?"

"Bora rafiki anayemshika kuliko mama anayekaa kiti cha nyuma," nikamjibu kwa hasira, nikaenda kununua mshumaa mkubwa mweupe wa ubatizo na lozi za sukari za kugawia wageni.

Alhamisi tukaenda kumwona Padri Lefteris kanisani. Bebe, maana kabla ya ubatizo hatumwiti jina, alikuwa amelala begani kwangu, mate yakinilowesha kola.

"Nani atamsimamia?" padri akauliza.

"Mimi, Baba."

"Na wewe ni nani kwake?"

Rafiki. Neno hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. Bebe akajigeuza, akanishika sikio kama afanyavyo akitaka kulala tena. Nikamwonea haya, yeye asiyejua lolote.

"Mimi ni mama yake," nikasema.

Padri akasugua ndevu. Nikajua tumeshafukuzwa, na nimejiharibia mwenyewe kwa mdomo wangu.

"Basi huwezi kumsimamia," akasema. "Mzazi hamsimamii mwanawe. Kanuni ni hiyo, kwako na kwa kila mzazi. Tafuteni mwingine."

"Tumtafute nani?" Argyro akauliza.

"Si ana bibi? Yule mwenye mtini."

Nilitoka nje nikalia mpaka kola ikalowa upande wa pili. Hakuna aliyewahi kuniita mzazi kabla ya siku ile, hata hakimu.

Jumapili mama yangu ndiye aliyempaka mafuta na kumtaja jina. Mimi sikumshika. Nilikaa kiti cha mbele na Argyro, pale wanapokaa wazazi.